Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Kanisa Kuu la Mkunazini: chokaa ianze kuiva kabla ya masika

Kwa Baba Askofu na Halmashauri ya Dayosisi ya Zanzibar, Kanisa Anglikana;
kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe;
kwa Wizara inayosimamia mambo ya kale, Zanzibar.

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum, na kwa wenye nyumba, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mwashi. Kazi niliyorithi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mpaka leo ndiyo inayoniweka mjini. Mimi ni Muislamu, na kanisani kwenu huingia kama jirani na kama fundi. Nawaandikia hadharani kwa sababu jengo lile si la waumini wake peke yao. Limesimama pale palipokuwa soko la watumwa. Kila Mzanzibari, na kila mtu ambaye wazee wake walipitishwa njia ile kutoka bara, ana haki ya kuulizia hali ya kuta zake.

Ninachoomba nakisema mapema, msije mkakitafuta mwishoni. Kanisa la Mkunazini lipatiwe mafundi wake wa kudumu, wachache tu, wenye shimo lao la chokaa, ngazi zao na daftari lao, walipwe mwaka mzima kutokana na fedha za viingilio vya wageni. Tusingoje tena mradi mkubwa kutoka ng'ambo ndipo tuzibe ufa.

Nieleze kwa nini, na naomba mnivumilie nikianzia juu, kwenye paa.

Nyumba zetu nyingi za Mji Mkongwe zina dari la boriti. Boriti za mikoko hupangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake huja mawe, kisha sakafu ya chokaa na kokoto inayopigwa kwa magongo mpaka ishikane. Uzito wote unashuka chini moja kwa moja. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu: urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kanisa la Mkunazini halikujengwa hivyo. Askofu Edward Steere alitaka ukumbi mpana usio na nguzo katikati, akaufunika kwa paa la mviringo, kama nusu ya pipa lililolazwa, lililomwagwa kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji ya Portland. Hiyo ilikuwa miaka ya 1870, wakati pwani yetu ilikuwa haijazoea zege la namna hiyo, na wala zege lenyewe halikuwa na nondo ndani. Husimuliwa kwamba wapo waliotabiri kuwa mbao za kushikilia zikiondolewa tu, paa litawaangukia waliojenga. Mbao ziliondolewa, na paa lipo hadi leo.

Lakini paa la namna ile halikai juu ya ukuta na kutulia. Linausukuma ukuta kwa nje, pande zote mbili, usiku na mchana. Kinacholizuia lisifunguke ni uzito na ugumu wa kuta za matumbawe zilizo chini yake. Kwa hiyo mtu anayesema, "Paa ni zima, kilichobanduka ni lipu ya ukutani tu," hajalielewa jengo. Ukuta ukilegea kwa maji, paa litapata nafasi ya kufunguka, na mahali zege lisilo na nondo linapofunguka hupasuka. Maji ya mvua yakishaingia kwenye ufa hushuka tena ndani ya ukuta uleule uliolegea. Hapo ubovu unakuwa unajilisha wenyewe.

Ndiyo maana nazungumzia mifereji kabla ya kuzungumzia vioo vya rangi, marumaru au mnara. Majani makavu yakiziba mfereji mmoja mwezi wa pili, masika yakiingia mwezi wa tatu maji yote ya upande huo wa paa yatashuka kwenye ukuta mmoja mpaka mwezi wa tano. Kuuzibua mfereji ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili na ngazi. Kuukausha ukuta wa matumbawe ulionywa maji msimu mzima kunachukua zaidi ya mwaka, na hapo ni kama hakuna aliyekimbilia kuupaka saruji.

Hapa kwenye saruji nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapopotea sote, wenye nyumba, wakandarasi na hata sisi mafundi.

Niliwahi kuitwa kuitazama nyumba moja ya zamani, si mbali na Mkunazini. Mwenyewe alikuwa ameona lipu ya chokaa inabanduka sebuleni, akampa fundi kazi, fundi akakwangua, akapiga saruji, akamalizia kwa rangi ya mafuta. Ukuta ulipendeza. Misimu michache baadaye rangi ikaanza kuvimba. Niliugonga kwa kifundo cha kidole ukatoa mlio wa utupu. Nilipochokoa pembeni kwa ncha ya mwiko, saruji ilitoka kipande kizima, pana kama sinia, na nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga. Nilipitisha kiganja, likanidondokea mkononi lote, jeupe, limechanganyika na chumvi. Saruji yenyewe haikuwa na kasoro hata moja. Ilikuwa ngumu, imara, imefanya kazi yake yote, na kazi hiyo ilikuwa kuyafungia maji ndani.

Jiwe la tumbawe lina matundu. Hunywa maji kutoka chini na kutoka kwenye upepo wa bahari, na maji hayo yana chumvi. Lipu ya chokaa nayo ina matundu, kwa hiyo ukuta ukipata jua unayatoa maji yale kidogo kidogo, na chumvi hubaki juu ya lipu. Lipu ndiyo inayoharibika, na imewekwa pale iharibike badala ya jiwe. Kila baada ya miaka unaibandua na kupiga nyingine. Ukiweka saruji, maji hayana pa kutokea, chumvi inaganda ndani ya jiwe lenyewe, inavimba, inalivunja punje kwa punje. Nje hutaona kitu mpaka siku utakapogonga.

Kuna atakayenijibu kwamba Steere mwenyewe alitumia saruji. Ni kweli, na ndiyo maana jengo hili linahitaji watu wanaolijua, si kanuni moja ya kupiga kila mahali. Saruji ya miaka ile haikusagwa laini kama ya leo, na aliichanganya na matumbawe kwenye paa, mahali palipohitaji kitu kinachoshikana kwa haraka. Kuta ni habari nyingine. Kwa hiyo paa linataka uchunguzi wake: kipande kidogo kichukuliwe, kipelekwe maabara, kijulikane kina nini, ndipo mchanganyiko wa kuzibia nyufa utengenezwe ufanane nacho kwa ugumu. Kuta zinataka chokaa iliyoiva. Fundi atakayepanda na ndoo moja ya mchanganyiko mmoja kwa jengo zima ataharibu kimoja kati ya viwili hivyo.

Chokaa iliyoiva haipatikani dukani asubuhi ya siku ya kazi. Mawe ya matumbawe ya kuchimbwa nchi kavu hupangwa juu ya tanuri la duara la magogo, mara nyingi ya minazi, yakachomwa mpaka yawe mepesi na meupe. Kisha chokaa huzimwa kwa maji, huchujwa, hutiwa shimoni na kuachwa chini ya maji. Miezi mitatu ni kidogo. Mwaka ni vizuri. Ile ya miaka miwili, ukiichota kwa mwiko inateleza kama siagi, na lipu yake haipasuki. Sasa fikirieni mradi wa ukarabati wenye muda wa miezi kumi na minane, ambao fedha zake zimechelewa kuingia, na mkandarasi anahesabu siku. Ataitoa wapi chokaa ya mwaka mzima? Atanunua ya mfukoni, ataichanganya siku hiyohiyo, au atatia saruji "kidogo tu" ili ishike upesi. Sisemi ni mtu mbaya. Mkataba wake haukumpa njia nyingine.

Kwa heshima naomba Mamlaka iandike jambo hili kwenye vibali na mikataba: umri wa chokaa itakayotumika, na mahali ilipoivishwa. Ni mstari mmoja tu kwenye karatasi, na ungebadilisha mengi kuliko semina.

Najua kazi kubwa imeshafanyika Mkunazini. Katika miaka ya 2010 World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, walishirikiana na Dayosisi kulikarabati kanisa, na jengo la jirani likapata maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa ambayo leo watoto wa shule wanaletwa kuyaona. Nawashukuru wote waliohusika. Nimeyapitia maonyesho yale polepole, na nadhani ni katika mambo ya maana zaidi yaliyofanywa mjini kwetu katika kizazi hiki. Lakini mradi una siku ya kuanza na siku ya kufunga hesabu. Mvua haina. Mafundi waliojifunza kwenye miradi ya namna hii, mradi ukiisha, wanatawanyika: huyu anajenga mahoteli ya pwani kwa matofali ya saruji, yule amevuka kwenda Dar es Salaam, mwingine anaendesha bodaboda. Ujuzi unaondoka nao. Mradi ujao utaanza tena kwa kufundisha upya.

Na tumeshaonywa, kwa gharama kubwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani hapa Mji Mkongwe, ilianguka wakati ikifanyiwa ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sitasema chochote juu ya sababu, kwani majengo yale mawili hayafanani. Beit al-Ajaib ni ya mwaka 1883, yenye nguzo za chuma na mabaraza marefu. Nataja msiba ule kwa sababu ulionyesha kwamba jengo kubwa la zamani linaweza kufika mahali ambapo hata kuliokoa ni hatari kwa anayeliokoa. Kanisa la Mkunazini lisiachwe lifike huko. Siku ileile ya Krismasi, miaka 147 kabla, ndiyo lilipowekwa jiwe lake la msingi.

Mwaka ule wa 1873 umejaa mambo. Mwezi Juni Sultani Barghash bin Said alikubali mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na baada ya miezi sita msingi ulikuwa unachimbwa mahali palepale watu walipokuwa wakipangwa safu na kutazamwa meno. Altare iliwekwa palipokuwa na mti wa kuchapia. Duara la marumaru lililoko sakafuni linapaonyesha, na nimeona wageni wakilizunguka bila kulikanyaga, hata ambao hawakuambiwa. Mwaka uleule, mwezi Mei, David Livingstone alifariki Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia; moyo wake ukazikwa chini ya mti, na watumishi wake Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo. Msalaba wa mbao ulioko kanisani umechongwa kutoka kwenye mti huo. Mbao ile imeshavumilia mengi, lakini fundi seremala yeyote atawaambia kwamba adui wake sasa ni unyevu na mchwa, na mchwa hufuata unyevu. Ukuta ukikauka, msalaba uko salama.

Miongoni mwa waliobeba mawe ya kanisa lile walikuwamo watu waliokombolewa utumwani. Hilo hunisimamisha kila nipitapo. Tunawakumbuka kwa sanamu iliyoko uani, ile ya watu waliofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo, na inastahili. Ila kazi ya mikono yao imo ukutani. Ukitazama kwa makini mahali lipu ilipokwisha, utaona jinsi mawe madogo yalivyosukumwa katikati ya makubwa ili chokaa isitumike nyingi. Aliyefanya vile alikuwa anajifunza kazi au alikuwa ameshaijua, sijali, lakini alikuwa mtu huru aliyekuwa akipanga mawe juu ya ardhi aliyoweza kuuzwa juu yake. Kila tunapokwangua ukuta ule bila sababu tunaifuta kazi hiyo. Kuna zile nguzo ndogo za marumaru karibu na kisima cha ubatizo, zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, Askofu alipokuwa safarini, kama inavyosimuliwa. Aliporudi aliziacha. Nashukuru aliziacha. Mkarabati wa leo angeweza kushawishika "kuzirekebisha", na naomba iandikwe mahali kwamba zisiguswe kamwe.

Sasa hilo daftari nililolitaja. Liwe moja, likae kanisani, na nakala yake iwe Mamlaka. Kila anayegusa jengo aandike: tarehe, mahali, alichokuta, alichoweka, mchanganyiko wake. Ufa ukionekana, ubandikwe kipande chembamba cha plasta chenye tarehe juu yake. Kikikatika, tujue ufa unatembea na kwa kasi gani. Hiyo ni mbinu ya zamani isiyohitaji mashine. Baada ya kila mvua kubwa mtu apite ndani na kuangalia dari kwa kurunzi, achore alama za maji kwenye mchoro. Nimefanya kazi kwenye majengo ambayo fundi wa mwisho alifariki na hakuna ajuaye alichofukia nyuma ya lipu, na unabaki unakisia kwa nyundo.

Kuhusu fedha, nasema kama mtu wa nje na mniwie radhi nikivuka mpaka. Wageni wanalipa kuingia pale kila siku, na msimu wa utalii foleni hufika langoni. Nafahamu Dayosisi ina shule, ina mapadre, ina mahitaji. Pendekezo langu ni kwamba sehemu moja ya kumi ya viingilio itengwe kwa matengenezo pekee, ihesabiwe peke yake, na hesabu yake ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwaka ili mgeni aone alichochangia. Nadhani wengi wangeongeza kwa hiari. Serikali nayo ingeweza kusaidia kwa kitu ambacho si fedha taslimu: kiwanja kidogo nje ya mji kwa ajili ya mashimo ya chokaa. Mji Mkongwe wote ungefaidika, kwa sababu msikiti wangu unahitaji chokaa ileile, na nyumba za wakf zinaihitaji, na mwenye nyumba maskini anayepaka saruji mara nyingi hupaka saruji kwa kuwa hakuna kingine anachoweza kununua kilo ishirini.

Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Jina hilo tunalisikia likitajwa zaidi pale linapokaribia kupotea. Mimi ningependa kusikia likitajwa siku tunapomwajiri kijana wa kwanza.

Kuhusu kijana huyo. Naomba wawe wawili au watatu, wasichana kwa wavulana. Kupiga sakafu ilikuwa kazi ya wanawake kwa wanaume, kwa ngoma na nyimbo, kwa hiyo mtu asiniambie chokaa ni kazi ya wanaume. Wakae na fundi mzee miaka mitatu kamili, waione masika mara tatu na vuli mara tatu. Mwaka wa kwanza wasishike mwiko kabisa: wachome, wazime, wachuje, wazibue mifereji, waandike daftari. Mafundi wenye kuijua kazi hii bado wapo Unguja, ila si wengi, na wengi wetu magoti hayapandi tena ngazi ndefu.

Kama mtakubali kuanza, anzeni na jambo dogo mwezi huu. Mtu apande kuangalia mifereji ya pande zote mbili na ile ya chini ya mnara. Lichimbwe shimo moja, litiwe chokaa, lifunikwe. Chokaa hiyo haitafaa kwa masika haya, bali itafaa kwa yajayo, na ndiyo sababu ya haraka yangu. Kuhusu rangi, kabla hamjatoa kazi yoyote ya kupaka ukuta wa nje, tafadhali zuieni rangi za mafuta na za plastiki. Chokaa ya kupaka inatosha, na ikififia inapakwa tena kwa gharama ndogo.

Niko tayari kuja kuonyesha mchanganyiko na kukaa na vijana siku za mwanzo bila malipo. Wapo mafundi wenzangu wawili, wazee kunizidi, waliokubali kufanya hivyo pia. Ofisi ya Mamlaka inatufahamu na inajua pa kutupata. Tungeomba kikao kimoja cha pamoja, Dayosisi, Mamlaka na Wizara mezani, kifanyike pale kanisani badala ya ofisini, ili tunapozungumzia ukuta tuwe tunauona. Kabla ya mwezi wa tatu ingekuwa vizuri.

Wenu katika kazi,

Fundi mwashi
Ng'ambo, Unguja